Visiwa vya Moto na Visiwa vya Matumbawe

Mtu akichimba kisima Kona ya Musa, katika upande wa Diani, aghalabu hupita mchanga na udongo, kisha sururu yake hugonga jiwe jeupe lenye vitundu vingi na vipande vya makome ndani yake. Jiwe hilo ndilo tunalolikata timboni kwa kujengea nyumba, ndilo tunalolichoma tupate chokaa, na ndilo linaloyashika maji tunayoyateka kila siku. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojiuliza lilitoka wapi, na kwa nini jiwe la kilima cha Jombo au la Mrima, katika kaunti hii hii ya Kwale, halifanani nalo hata kidogo.

Wako watu ambao kazi yao ni kujiuliza maswali hayo. Hao ni wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosoma jiolojia, yaani elimu ya mawe na ardhi, na ekolojia, yaani elimu ya jinsi viumbe wanavyoishi wao kwa wao na mahali walipo. Elimu hizi hazijifunzwi kwa kitabu peke yake. Mwanafunzi hana budi kutoka darasani akaone kwa macho na kushika kwa mikono. Kwa sababu hiyo huonekana vijijini mara kwa mara, wamevaa viatu vizito, wamechukua nyundo ndogo, kamba za kupimia na madaftari.

Wenyeji huwatazama kwa shaka. Mmoja husema wanatafuta dhahabu. Mwingine husema wametumwa kupima mashamba ili yauzwe. Shaka hiyo haikuzuka bure, kama tutakavyoona mbele. Lakini yafaa kwanza tujue wanalolitafuta, na kwa nini visiwa vilivyozaliwa na moto ndivyo wanavyovitamani kuliko mahali pengine, na elimu hiyo inatuhusu nini sisi tunaoishi juu ya jiwe la matumbawe.

Namna mbili za kisiwa

Visiwa vya bahari yetu si vya namna moja. Viko vilivyojengwa na viumbe, na viko vilivyojengwa na moto.

Kisiwa cha Wasini, kilicho mbele ya Shimoni, ni cha namna ya kwanza. Matumbawe ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu katika maji ya bahari yenye joto na mwanga. Kila mmoja hujitengenezea kikombe cha chokaa cha kukaa ndani yake. Akifa, kikombe hubaki, na mwingine hujenga juu yake. Hivyo, kidogo kidogo, hujengeka mwamba. Zamani, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na mahali pengi ambapo leo ni Diani, Msambweni na Wasini palikuwa chini ya maji. Bahari iliposhuka, mwamba ulibaki mkavu, ukawa nchi. Mtu akitembea Wasini huona matumbawe ya kale yamesimama juu ya nchi kavu kama bustani ya mawe, ambayo wanawake wa kisiwa hicho wameijengea daraja la mbao ili wageni wapite juu yake na kuitazama.

Kisiwa cha namna ya pili huzaliwa kwa njia nyingine kabisa. Chini sana ya miguu yetu mna joto kali la kuyeyusha mawe. Mahali ambapo gamba la dunia limepasuka au ni dhaifu, mawe hayo yaliyoyeyuka, yaitwayo lava, hupanda na kumwagika. Yakimwagika katika sakafu ya bahari hupoa na kuwa jiwe jeusi. Lava nyingine hufuata juu yake, na nyingine tena, hata mlima ukatokeza kichwa juu ya maji. Hicho ndicho kisiwa cha volkeno, yaani kisiwa cha moto.

Kwa nini wanafunzi huvitamani visiwa vya moto

Sababu ni kwamba kisiwa cha moto huanza bila kitu. Siku kinapotokeza hakina udongo, hakina mti wala mdudu. Kila kilichomo baadaye kilifika kwa upepo, kwa mawimbi, au kwa ndege aliyebeba mbegu tumboni. Basi mwanafunzi anaweza kuuliza nani alitangulia kufika, nani alifuata, na kwa sababu gani, jambo ambalo ni gumu sana kulijua katika bara ambako kila kitu kimechanganyika tangu zamani.

Mfano unaojulikana sana ni kisiwa cha Surtsey, karibu na nchi ya Iceland. Kisiwa hicho kilizuka baharini mwezi wa Novemba mwaka 1963, na tangu wakati huo watu wamekatazwa kukaa humo, ila wataalamu wachache wanaokwenda kuhesabu mimea na ndege. Kabla ya hapo, mwaka 1835, Mwingereza Charles Darwin alifika katika visiwa vya volkeno vya Galápagos, na mambo aliyoyaona huko kuhusu ndege na kobe yalimsaidia kufikiri upya jinsi aina za viumbe zinavyobadilika.

Nasi katika Kenya tunavyo visiwa vya volkeno, ila haviko baharini. Viko katika Ziwa Turkana. Kisiwa cha Kati katika ziwa hilo kina mashimo ya volkeno yaliyojaa maji yakawa maziwa madogo, na mamba huzaliana humo. Lakini kwa mtu wa pwani, shule iliyo bora zaidi ya elimu hii iko upande wa kusini, katika visiwa vya Ngazija, ambavyo watu wake ni jamaa zetu kwa lugha, kwa dini na kwa biashara tangu enzi za majahazi.

Mjukuu, baba na babu

Visiwa hivyo, ambavyo kwa jumla huitwa Komoro, ni vinne vikubwa: Ngazidja, Mwali, Nzwani na Maore. Vitatu vya kwanza ni dola huru tangu mwaka 1975. Maore imebaki chini ya Ufaransa. Vyote vinne vilizaliwa na moto, lakini havilingani umri. Ngazidja ndiyo changa, na Maore ndiyo kongwe. Kwa hiyo mwanafunzi anayevizuru hupata bahati ya ajabu: huwa kana kwamba amekutana na mjukuu, baba na babu katika safari moja, akaweza kuona jinsi kisiwa kinavyokua na kuzeeka.

Katika Ngazidja moto haujazimika. Mlima Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ulilipuka mara mbili mwaka 2005, tena mwaka 2006 na mwaka 2007. Mawe yake mengi ni mapya, meusi na yenye matundu, na mahali pengine udongo ni haba. Nzwani ni mzee zaidi: mvua imeyala mawe yake muda mrefu, ikachimba mabonde marefu na kufanya udongo mzito. Maore ni mzee kuliko wote: milima yake imeshuka, na matumbawe yamejenga ukuta kukizunguka kisiwa, na kati ya ukuta na nchi mna bahari tulivu pana. Hapo mwanafunzi huona namna zile mbili za kisiwa zikikutana, kwa maana moto ulijenga na matumbawe yakafuata.

Tena asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya kale tu. Mwezi wa Mei mwaka 2018 watu wa Maore walianza kuhisi matetemeko ya ardhi, mengi mfululizo, wasijue sababu. Mwaka uliofuata wataalamu waliokwenda kwa meli na vyombo vya kupimia waligundua kwamba volkeno mpya imezaliwa katika sakafu ya bahari, kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, nayo imekwisha kuinuka kama mita 800 kutoka chini. Hapakuwa na mtu aliyeiona kwa macho, kwa kuwa bahari mahali hapo ina kina cha zaidi ya kilomita tatu.

Viumbe wa visiwa hivyo nao ni somo kubwa. Katika misitu ya Karthala yuko bundi asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Katika Nzwani na Mwali yuko popo mkubwa mweusi, aitwaye popo wa Livingstone, naye pia hana makao mengine. Chini ya maji yuko samaki aitwaye silakanti, ambaye wataalamu walidhani ametoweka zamani za kale, hata mmoja alipovuliwa Afrika ya Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Nzwani mwaka 1952, na wavuvi wa huko hawakushangaa, maana walimjua siku zote. Mwaka 1987 wataalamu walishuka kwa chombo cha kuzamia karibu na Ngazidja wakamwona akiishi. Mchana hujificha katika mapango ya lava, kwenye miteremko mikali ya chini ya bahari. Kwa hiyo hata samaki huyo hawezi kuelezwa vema na mtu asiyejua habari za mawe.

Jiwe ndilo mwenye maji

Katika mambo yote ambayo wanafunzi hujifunza huko, liko moja linalotuhusu sisi moja kwa moja, nalo ni habari ya maji.

Ngazidja hupata mvua nyingi, na upande wa magharibi wa Karthala ni wa mvua nyingi mno. Hata hivyo kisiwa hicho hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Lava changa ina nyufa na matundu, na mvua ikinyesha hupenya mara moja hata chini, ikaenda kukutana na bahari. Kwa sababu hiyo watu wengi huko hukinga maji ya mvua katika mabirika. Majivu ya Karthala yalipoanguka mwaka 2005 yaliingia katika mabirika hayo, na watu wengi wakakosa maji safi ya kunywa ingawa moto haukufika nyumbani kwao.

Sasa tazama Wasini. Kisiwa cha Wasini hakikuzaliwa na moto, wala hakifanani na Ngazidja kwa umbo wala kwa rangi. Lakini nacho hakina mto wala chemchemi ya kutosha, na kwa vizazi vingi watu wake waliishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa katika jabia, na kwa maji yaliyovushwa kwa chombo kutoka bara. Sababu ni ile ile. Jiwe la matumbawe lina matundu kama lava changa, nalo haliwezi kuyazuia maji juu. Visiwa viwili, kimoja cha moto na kimoja cha matumbawe, vimewafundisha watu wake desturi moja ya kukinga mvua.

Nzwani ni mfano mwingine, tena wenye onyo. Udongo wake mzito uliweza kushika maji, na mito ilikuwa mingi. Lakini misitu ya milimani ilikatwa kwa mashamba na kuni. Mvua sasa hushuka kwa nguvu, huchukua udongo mpaka baharini, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka wakati wa kiangazi. Udongo uliochukuliwa huyafunika matumbawe ya pwani, na samaki hukosa mahali pa kuzalia. Mtu aliyekata mti mlimani hakukusudia kumdhuru mvuvi, lakini amemdhuru.

Maji ya Kona ya Musa

Nasi tuko katika hesabu hiyo hiyo. Maji ya visima vya Diani ni maji ya mvua yaliyopenya katika mchanga na jiwe la matumbawe. Karibu na pwani, maji hayo matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini kwa chini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, ingawa hayatengani nayo kabisa. Maji yakitekwa kwa kiasi, mvua hurudisha yaliyochukuliwa. Lakini yakivutwa kwa nguvu na mashine nyingi, chumvi hupanda. Kisima kilichokwisha kuingia chumvi huchukua muda mrefu kupona.

Tena, jiwe linaloruhusu mvua kupita upesi huruhusu na uchafu kupita upesi. Maji ya shimo la choo hayasafishwi vema katika nyufa za matumbawe kama yanavyosafishwa katika udongo mnene. Kwa hiyo kisima kinaweza kuwa na maji maangavu, yasiyo na ladha wala harufu, nayo yakaleta maradhi ya tumbo. Kati ya miaka 2015 na 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Oxford na vyuo vingine, walichunguza maji ya ardhini ya Kwale: mvua inaingia wapi, inakaa katika jiwe gani, na matumizi ya mashamba, machimbo, mahoteli na vijiji yanaathirianaje. Kazi ya namna hiyo huanza na wanafunzi wale wale wenye nyundo na madaftari.

Moto uliozimika wa Kwale

Mtu asiyeweza kusafiri hadi Ngazidja anaweza kuona kazi ya moto bila kutoka Kwale. Ukielekea Lunga Lunga, utaona kwa mbali vilima vya Jombo na Mrima vikisimama peke yao katika uwanda, kama visiwa katika bahari ya vichaka. Yapata miaka milioni 100 iliyopita, mawe yaliyoyeyuka yalipanda kutoka chini yakapenya katika mawe ya mchanga yaliyokuwapo, yakapoa humo. Baada ya hapo mvua na upepo viliyala mawe laini ya pembeni, na yale magumu yakabaki yameinuka.

Jiwe la Mrima ni la namna isiyopatikana mahali pengi. Lilipooza na kuwa udongo mwekundu, udongo huo ulikusanya madini ya niobi na yale yaitwayo madini adimu, yanayotakiwa leo kwa kutengenezea sumaku na vyombo vya umeme. Umo pia thori, ambayo hutoa mnururisho. Juu ya udongo huo umeota msitu ambao Wadigo wameutunza kama kaya, mahali pa ibada na pa miti isiyokatwa ovyo.

Hapa ndipo penye chanzo cha shaka tuliyoitaja mwanzoni. Habari za utajiri wa Mrima zilipoenea, wachimbaji walikuja kutaka kuchimba. Leseni iliyotolewa mwaka 2013 ilifutwa na Serikali mwaka huo huo, na wawekezaji wakaishtaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2018 wasuluhishi walilikataa dai lao, kwa kuwa leseni haikupatikana kwa kufuata sheria, na uchunguzi wa mazingira uliotakiwa na sheria haukukamilishwa ipasavyo. Katika sehemu nyingine ya Kwale, mchanga wa titani ulichimbwa kwa zaidi ya miaka kumi hata mwisho wa mwaka 2024. Watu walioyaona mambo hayo hawawezi kulaumiwa wakimwuliza kila mwenye nyundo: umetumwa na nani?

Jinsi ya kuwapokea

Mwanafunzi wa kweli anaweza kujibu swali hilo bila hasira. Atakuwa na barua ya chuo chake, atakuwa amepita kwa chifu na wazee wa mtaa, na katika msitu wa kaya hataingia bila ruhusa ya wazee wa kaya wala bila mtu wa kumwongoza. Anachochukua ni kipande cha jiwe cha ukubwa wa ngumi, chupa ya maji, au majina ya mimea. Hufunga kamba kati ya miti miwili na kuhesabu kila kinachoota chini yake. Huteremsha kipimo kisimani na kuandika kina cha maji na kiasi cha chumvi. Mtu anayechimba mashimo makubwa usiku au anayekataa kusema jina la chuo chake si mwanafunzi, na yafaa apelekwe kwa chifu.

Lakini wenyeji nao wana elimu ya kutoa. Mzee wa Wasini anajua jabia lipi hukauka kwanza. Mvuvi wa Msambweni anakumbuka jinsi matumbawe yalivyogeuka meupe na kufa bahari ilipopata joto mwaka 1998, na ni wapi yalipoota tena. Mama wa Kona ya Musa anajua kisima gani huanza kuwa na chumvi mwezi gani. Hakuna chombo cha chuo kikuu kinachoweza kurudi nyuma miaka thelathini na kupima mambo hayo. Yamo vichwani mwa watu tu. Basi mwanafunzi asiyeuliza amepoteza nusu ya safari yake.

Kwa hiyo wanafunzi wakifika, na waulizwe wametoka wapi, kisha waonyeshwe visima. Wakimaliza, na waombwe warudi waseme kwa Kiswahili, mbele ya baraza, waliyoyakuta: kisima kipi ni salama, kipi kimeingia chumvi, na choo kipi kiko karibu mno. Hilo ni deni lao kwetu, na ni deni dogo. Hata kabla hawajarudi, mtu anaweza kuanza na yale yanayojulikana tayari: kukinga maji ya mvua ya paa, kuchimba choo mbali na kisima, kuchemsha maji ya kunywa, na kuacha miti isimame mahali ambapo mvua huingia ardhini.